Sikuirusha Mimi

Tarehe 4 Juni

Mjomba,

Shikamoo.

Usishangae kupata karatasi badala ya simu. Simu nimeizima makusudi. Ukinipigia unaanza na kikohozi, unauliza kama nimekula, unanikumbusha ulivyokuwa unanibeba mabegani, na kabla hujafika kwenye jambo lenyewe mimi nimeshasema ndiyo mjomba, sawa mjomba. Safari hii ukitaka kusema nami, andika. Mpe dereva wa basi la asubuhi bahasha, nitaichukua kituoni nikienda kula.

Bahasha yako ya jana nimeifungua. Nilidhani ni zile betri za akiba nilizokuomba. Nikakuta fomu ya kampuni ya bima, imepigwa chapa safi: jina langu, namba ya leseni yangu, na penye "rubani aliyekuwa akirusha droni wakati wa ajali", jina langu tena. Umeniachia mstari mmoja tu wa saini, na pembeni umechora mshale kwa penseli nisije nikapotea njia.

Sikuirusha mimi. Tarehe 30 Mei nilikuwa huku machimboni uliponituma, napima vifusi vya mawe, vumbi mpaka kwenye meno. Msimamizi wa machimbo aliniona. Fundi wa kuchomelea vyuma, ambaye chumba nilichopanga kiko juu ya karakana yake, aliniona narudi nikamwomba maji. Droni kubwa ilikuwa nami. Ile ya zamani niliiacha ofisini kwako, ndani ya kabati.

Nisikufundishe kazi uliyoianzisha wewe, lakini itabidi. Katika kampuni yako nzima mwenye leseni ni mimi peke yangu. Bima inamlinda mwenye leseni akiwa ameshika rimoti. Akishika mwingine, bima hawalipi hata plasta. Unalijua hilo, ndiyo maana umenikumbuka.

Sasa niambie. Kwenye simu ulisema "kiajali". Fomu ina sehemu ya jina la aliyejeruhiwa, nawe umeiacha wazi. Kuna mtu ameumia? Na aliyeirusha nani? Au nijibu mwenyewe: ni mkweo, huyo mnayemwita Injinia, ambaye uinjinia wake wote ni kuvaa kofia ngumu.

Fomu narudisha kama ilivyokuja. Mshale nimeufuta.

Wako,
Kidomo

*

Tarehe 7 Juni

Kidomo,

Marahaba, marahaba.

Nimesoma barua yako nimesimama, nikaisoma tena nimekaa, na kote huko hukuniuliza hata hali yangu. Haya, mimi mzima. Wewe umekula? Najua hutaki niulize. Basi umekula?

Nikueleze bila kutia chumvi. Wenye ghala jipya walitaka picha za paa kabla ya kukabidhiwa jengo. Nikawaambia rubani wangu yuko safarini, wakasema watatafuta wengine. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Mtu wa ofisi akajitolea kuirusha ile ya zamani. Kazi yenyewe ilikuwa ya kunywa maji. Ikazunguka vizuri, ikapita nyuma ya ghala, huko nyuma mawasiliano yakakatika. Basi ikageuka yenyewe, ikanyooka kwenda upande wa nyumbani kwangu kama ng'ombe anayejua zizi. Njiani kuna ile barabara ya maduka. Ikagonga ukingo wa bati la fundi cherehani, ikaanguka barazani anapokaa. Mapanga yake yanayozunguka yakamkata mkono wa kulia.

Ndiyo, ameumia. Daktari anasema kano za vidole viwili zimekatika, apasuliwe ziungwe mapema. Akikawia, vidole vitabaki vimejikunja hivyo hivyo. Fundi cherehani asiye na vidole vya kulia atashona nini?

Sasa tazama jinsi mambo yalivyo mepesi. Ukisaini, bima wanalipa hospitali, mama wa watu anatibiwa, na wewe hakuna anayekugusa, kwa kuwa ajali ni ajali. Usiposaini, hakuna wa kulipa. Wino kidogo tu, Kidomo. Kuhusu Injinia, tuliache. Mkwe ni mkwe, na binti yangu ni mjamzito, sitaki maneno nyumbani.

Nani alikupeleka kwenye kozi ya urubani wakati baba yako anasema ni michezo ya watoto? Nani alikaa nje ya chumba cha mtihani, anatembea huku na huku mpaka mlinzi akamuuliza kama ana tatizo la tumbo? Sikukumbushi ili unilipe. Nakukumbusha tu.

Fomu nyingine hii hapa. Sikuchora mshale.

Mjomba wako

*

Tarehe 10 Juni

Mjomba,

Shikamoo.

Nimekula. Lakini tangu nisome habari za huyo mama, chakula hakina ladha. Nikishika kijiko naviona vidole vyake. Nilitaka kusaini, nisikufiche. Nilikaa kitandani, kalamu nimeitoa kifuniko, chini yangu fundi wa vyuma anagonga, nikawa natafuta sababu moja tu ya kukataa. Nimeipata ndani ya barua yako mwenyewe.

Umesema iligeuka ikanyooka kwenda nyumbani kwako. Mjomba, ile ya zamani haina kwao. Mawasiliano yakikatika inarudi pale iliposhika setilaiti mara ya kwanza baada ya kuwashwa. Ingewashwa ghalani, ingeshuka palepale ghalani. Ingewashwa ofisini, ingekwenda ofisini. Ilikuwa inakwenda uani kwako kwa sababu iliwashiwa uani kwako. Na mtu anayeitoa kabatini akalala nayo nyumbani, asubuhi anaiwasha uani huku kikombe cha chai kiko mkononi, kisha anaiweka kwenye kiti cha gari bado inawaka, ili akifika kazini asisubiri setilaiti, namjua mmoja tu. Nimegombana naye kwa tabia hiyo mpaka koo likakauka. Injinia anaishi ng'ambo ya mji, na kwako haji bila kuitwa.

Ni wewe uliyeirusha. Na umeniacha nimtukane mkweo, ukajitia hamnazo, ukasema tuliache.

Nimekasirika, na nataka ujue kwamba nimekasirika. Leseni unayoililia ungeipata mwenyewe. Mtihani ungefaulu umefumba macho. Kilichobaki kilikuwa cheti cha daktari wa macho, ukafika mpaka mlangoni pake, ukarudi ukisema foleni ndefu. Kwa uvivu wa foleni, leo unataka yangu.

Sisaini. Nikisaini nimekubali kwamba nilirusha juu ya barabara ya maduka bila mwangalizi wa kunisaidia kuifuata kwa macho, na bila kukagua nukta ya kurudi. Sijawahi kufanya hivyo hata siku moja, na sitakiri kosa la mtu mwingine kwenye leseni yangu. Tena bima si wajinga. Siku wakigundua nilikuwa machimboni, watadai walichotoa, na fundi cherehani ndiye atakayesumbuliwa akiwa na bendeji mkononi.

Uza gari. Gari lako linatosha hospitali, na chenji inabaki. Fomu ya pili narudisha.

Wako,
Kidomo

*

Tarehe 12 Juni

Kwa: Rubani wa Kampuni
Kutoka kwa: Mkurugenzi
KUH: UTOVU WA NIDHAMU

Ofisi imepokea barua yako ya tarehe 10 na imesikitishwa na lugha iliyotumika.

Unakumbushwa kwamba wewe ni mwajiriwa. Droni uliyo nayo ni mali ya kampuni, buti ulizovaa ni mali ya kampuni, na hicho chumba cha juu ya karakana kinalipiwa na kampuni. Unaagizwa kusaini fomu iliyoambatanishwa na kuirudisha kwa basi la kesho. Ukikaidi, utakuwa umejifukuza kazi mwenyewe.

Pia ofisi inakukumbusha kwamba aliyeirusha ile droni ya zamani kwa mara ya mwisho kabla ya ajali ni wewe, kwenye uwanja wa wazi, na ulipomaliza uliacha urefu wa kurudi, kile kimo inachopaa ikirejea yenyewe, uko chini. Ingekuwa juu ingepita salama juu ya mabati. Kwa hiyo usijifanye mtakatifu.

Aliyejeruhiwa ataandika maelezo kwamba aliyekuwa akirusha ni mwanamke. Hilo limeshazungumzwa.

Shikamoo yako imepokelewa na kuwekwa pembeni. Marahaba utaipata ukisaini.

Mkurugenzi

N.B. Kuna baridi huko? Sweta lako la kijivu liko kwa mama yako. Mwambie akutumie.

*

Tarehe 13 Juni

Kidomo mwanangu,

Kaka yangu alikuja jana, akakaa pale jikoni ananihesabia mema yake yote tangu tukiwa wadogo. Amenituma nikuandikie usaini. Haya: mjomba wako anasema usaini. Nimeshatumwa na nimeshafikisha.

Sasa hii ni ya kwangu. Usithubutu. Nilikuzaa mimi, hukuzaliwa na kampuni. Akikufukuza kazi, kitanda chako kipo.

Sweta hili hapa. Ukitaka kumwandikia huyo fundi, nitampelekea mimi mwenyewe, maana barazani kwake napajua.

Mama

*

Tarehe 15 Juni

Kwa Mama Fundi,

Shikamoo. Hunijui. Mimi ndiye yule "mwanamke" ambaye umeombwa useme alikuwa akirusha droni iliyokukata mkono. Anayekuletea barua hii ni mama yangu mzazi.

Siku ile sikuwepo. Nilikuwa mji mwingine kabisa kikazi. Aliyeirusha ni mjomba wangu, na hana leseni. Ninayo mimi. Ameniomba niseme nilikuwa mimi ili bima walipe matibabu yako, nami nimekataa. Nimeandika kwa kampuni ya bima na kwa mamlaka ya anga kwamba jina langu lisitumiwe. Barua zimeondoka leo asubuhi, haziwezi kurudi.

Nakuambia mwenyewe usije ukalisikia kwa mtu. Kukataa kwangu kunaweza kukuchelewesha. Ningesaini, pengine ungekuwa umeshapasuliwa. Nimelifikiria hilo mpaka nimechoka, na bado sikusaini. Ukinichukia utakuwa na haki, sitajitetea.

Nilichofanya ni kumwambia mjomba auze gari akulipie. Bado hajakubali. Ni mtu mkaidi, lakini si mtu mbaya. Mimi ni mpwa wake, nimempenda tangu nijijue, ndiyo maana nina uchungu naye hivi.

Ukiulizwa, tafadhali sema ulichokiona tu.

Mimi,
Rubani

*

Tarehe 18 Juni

Binti rubani,

Marahaba. Usicheke mwandiko. Naandika kwa mkono wa kushoto, na huu haukwenda shule.

Mama yako amekaa kwangu kutwa nzima. Tumekunywa chai, tumemsema kaka yake tukaridhika. Sikuchukii. Mjomba wako alikuja na machungwa na karatasi, akasema nikiandika kwamba nilimwona mwanamke, nitatibiwa upesi. Nikamwambia mkono umeukata, ulimi niachie. Machungwa niliyachukua.

Umesema niseme nilichokiona. Basi sikiliza. Nilikuwa barazani nakunja upindo wa sketi ya mteja. Nikasikia kitu kinalia kama nyigu, bati likagongwa, kisha damu. Nimekaa pale nimeshika mkono, watu wamejaa, ndipo akaja mwanaume anakimbia, kifaa kinaning'inia shingoni. Akawa anauliza iko wapi, iko wapi. Ilikuwa miguuni pangu, nyeupe, pana kama sinia. Akaikanyaga. Nikadhani ni kiwewe.

Lakini siku ya machungwa nilimtazama vizuri. Alisoma karatasi yake mwenyewe pua ikiigusa. Nikamnyooshea kalamu yake kuirudisha, mkono wake ukapita pembeni ukashika hewa. Mimi nimetunga uzi kwenye sindano maisha yangu yote, na mama yangu mzazi alipofuka nikiwa nyumbani kwake, nikiona. Najua inavyoanza. Mjomba wako haoni upande wa kulia, binti. Na hata wa kushoto naona anaubahatisha.

Sijamwambia mtu mwingine. Wewe ni damu yake, lazima ujue.

Hilo ni lake. La kwangu ni vidole. Leo nimehamisha cherehani yangu, nimeiweka mbele ya mlango wa ofisi yake. Jirani yangu wa duka la viatu amenibebea. Nakanyaga kwa mguu, nashika kitambaa kwa kushoto, mshono unakwenda kama umelewa. Kila mteja wake anayekuja kuuliza picha za paa ananikuta mlangoni na bendeji, ananiuliza nimefanyaje, namweleza. Sipigi kelele wala simtukani mtu. Naeleza tu, na sina haraka ya kuondoka.

Fundi

*

Tarehe 22 Juni

Kidomo,

Mmefurahi? Sema kama mmefurahi.

Yule mama amehamia mlangoni kwangu. Asubuhi nafika namkuta, jioni naondoka nimemwacha. Nilimwambia aondoke, akaniuliza kama nina suruali ya kupunguza. Wenye ghala walikuja kuchukua picha zao, wakasimama naye wee, wakaondoka bila kuingia ndani. Injinia anamnunulia chai. Mkwe wangu mwenyewe, nalipa mshahara wake.

Mamlaka nao wamekuja, wanaume wawili na mwanamke mmoja mdogo kama wewe, naye ndiye aliyekuwa mkubwa wao. Wamesoma barua yako mbele yangu. Wamefunga kampuni, hakuna kuruka hata karatasi mpaka uchunguzi uishe. Wakaniuliza nani alirusha. Nikasema nitajibu kwa maandishi. Bado sijajibu, wala usinisukume.

Gari nimeliuza. Si kwa sababu umesema wewe. Nimeliuza kwa kuwa lilikuwa linakula mafuta. Fundi amepasuliwa jana. Nilikaa nje nikitembea huku na huku, na mlinzi wa pale naye akaniuliza habari za tumbo. Daktari anasema kano zimeshika, mengine ni mazoezi. Ametoka na plasta mpaka kwenye kiwiko, na jambo la kwanza aliloniambia ni kwamba cherehani haiondoki mlangoni mpaka nijibu yale maandishi. Mbona mmenizunguka wanawake watupu? Dada yangu hanipi hata maji.

Umenivua nguo mbele ya watu wa mji huu. Niliianzisha kampuni hii watu wakidhani nachezea midoli. Ningeweza kuimaliza mwenyewe kwa namna yangu.

Nimesikia machimboni wanataka kukuajiri. Kaa huko huko basi. Watakupa buti nzuri zaidi.

Mkurugenzi, kama bado kuna cha kuongoza

*

Tarehe 25 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Najua unaiweka pembeni. Naituma hivyo hivyo.

Nimefurahi, ndiyo. Nimefurahi kuhusu kano, na kuhusu gari. La kukuvua nguo, hapana. Hilo ulilifanya mwenyewe ulipompelekea mgonjwa karatasi na machungwa.

Machimboni wameniita kweli. Mshahara mzuri, nyumba, waangalizi wangu wawili zamu kwa zamu. Nilikuwa nimeshafika ofisini kwao kukubali. Nikiwa kwenye benchi nikatoa barua ya fundi nikaisoma upya, nikatoka bila kusaini. Naona mwezi huu nimeshazoea kutosaini vitu.

Mama Fundi ameniambia alichokiona siku ile. Ameniambia uliikanyaga. Ameniambia kuhusu kalamu.

Kwa hiyo foleni haikuwa ndefu.

Nimekaa nayo siku zote hizi, Mjomba. Nimekumbuka ulivyoanza kuniachia rimoti ukisema vijana wana mikono myepesi. Nimekumbuka ulivyokuwa unasimama kulia kwangu kila mara, ukidai jua linakuumiza. Nilikuita mvivu kwenye barua yangu. Neno hilo nalifuta, na linaniuma. Mengine yote nayaacha palepale.

Kuhusu urefu wa kurudi, ni kweli niliuacha chini. Uwanja ulikuwa wazi. Ndiyo sababu anayerusha anapaswa kukagua kabla ya kupaa, na wewe usingeweza kukagua kwa kuwa maandishi ya rimoti huyaoni. Ungeniambia tu. Ungesema, Kidomo, macho yanakwisha. Ningekuja kwa miguu.

Sasa nisikilize. Nitarudi kwa sharti. Rubani mwenye dhamana ya kampuni nitakuwa mimi, jina langu litaandikwa hivyo mamlaka. Nikisema hatuendi, hatuendi, hata kama wenye ghala wanalia. Droni haiwashwi uani. Injinia atasoma, afanye mtihani, la sivyo avue ile kofia. Wewe wateja, wewe mipango, wewe kusema nao kwa sauti yako ile ya kumlainisha mtu mpaka akubali. Rimoti ukiigusa naandika barua nyingine, na hiyo haitakuja kwako.

Lakini kabla ya hayo, mamlaka wanangoja maandishi yako. Usiandike "mtu wa ofisi". Usijifiche nyuma ya "mawasiliano yalikatika". Andika ulichokiona siku ile. Nikisikia umeandika kingine, buti za machimboni nimeshazipima, zinanitosha.

Wako,
Kidomo

*

Tarehe 29 Juni

Kidomo,

Kalamu anaishika mama yako. Maneno ni yangu, na nimemwonya asiongeze.

(Sijaongeza. Mama.)

Maandishi yamekwenda asubuhi. Fundi aliyasoma kwanza, maana asingenipisha mlangoni. Nakupa kama yalivyo: Niliirusha mimi. Sina leseni. Niliiwashia nyumbani. Ilipopotea nilitazama juu sikuona kitu, nikakimbia nikiufuata mlio, na mlio ulipokatika nilijua imemwangukia mtu, nami bado sikuona kitu.

Nikatia saini. Mama yako alinionyesha mstari ulipo.

Jana Injinia alinipeleka kwa daktari wa macho. Hakukuwa na foleni. La kulia limekwisha, anasema ningekuja mapema lingeokolewa. La kushoto ataanza kulitibu wiki hii. Sikulia. Fundi alilia, nikamwambia anyamaze, atalowesha plasta.

Cherehani ameiondoa. Mlango umekuwa mpana kupita kiasi.

Masharti yako nimesomewa. La kofia ya Injinia nimelipenda. La rimoti nimelikataa kwa dakika chache, kisha nikalikubali, maana dada yangu alikuwa ananitazama. Mamlaka wanaweza kutufunga miezi, wanaweza kutufunga moja kwa moja. Ukija unaweza kukuta mlango tu. Uje hivyo hivyo.

Zile shikamoo zako nilizoziweka pembeni bado ninazo, sikutupa hata moja. Zote hizo, mwanangu, marahaba.

Mjomba